Barakoa ya kitambaa: namna ya kuiweka isichafuke wala isivunde kabla hujaivaa tena

Kufua barakoa kila mtu anajua, hapo sitakufundisha kitu. Kazi iko pale katikati, ukishaivua na kabla hujaivaa tena, yani yale masaa ambayo barakoa haipo usoni na haijafika kwenye beseni. Iko wapi? Iko mfuko wa suruali pamoja na noti za buku na funguo, au imeshushwa kidevuni, au imening'inia kwenye kioo cha bajaji inakula vumbi la barabara nzima, au imefinyangwa chini kabisa ya mkoba na lipshaini iliyofunguka kifuniko. Mi ni fundi cherehani, 2020 nilishona barakoa mpaka vidole vikaota sugu, na mpaka leo watu bado wananiletea niwabadilishie lastiki, na niwaambie ukweli, ukiishika tu barakoa ya mtu unajua anaiweka wapi.

Na msidhani haya mambo yameisha na corona. Bodaboda wanavaa, wa mashine za kusaga wanavaa, maseremala, wauza pilipili ya unga, wanaofagia barabara alfajiri, mtu mwenye kikohozi akipanda mwendokasi, mtu anayeenda kukaa foleni ya kliniki masaa matatu. Kwahiyo zipo, na nyingi zinatunzwa vibaya.

Kitu kimoja ukikishika hayo mengine yote yatakaa sawa: barakoa kavu na barakoa mbichi hazilali pamoja. Ukiivaa masaa kadhaa inakuwa imenywa mvuke wa pumzi, mate, jasho la juu ya mdomo, na kama uko Dar au Tanga au Mombasa hewa yenyewe nayo ina unyevu wake. Ukiifungia hivyohivyo mbichi mahali pasipopita hewa, umewapa bakteria na ukungu joto, maji na chakula. Ndo ile harufu ya uvundo unayoisikia ukiiweka puani siku ya pili, na ile harufu sio ya mdomo wako kama wengi wanavyojishtukia, ni kitambaa kimevunda.

Kwanza jua unayo ya aina gani

Zile za bluu za duka la dawa ni za kuvaa mara moja unatupa, hazihusiani na mwongozo huu. Ukizifua zinavimba, zinachanika, na uwezo wake wa kuchuja unaenda na maji. N95 nazo, zile ngumu za hospitali, usiziloweke kwenye sabuni wala dawa ya klorini, zinachuja kwa kutumia chaji ya umeme iliyoko kwenye nyuzi zake na ukizifua hiyo chaji inapotea, unabaki umevaa umbo tu.

Za kitambaa ndo zetu hapa. Zipo za pamba tupu, kitenge juu na pamba ndani, matabaka mawili au matatu. Na zipo zile zilizofuata maelekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Juni 5, 2020, ambayo yalisema matabaka matatu: la ndani linalonyonya kama pamba, la katikati polipropilini isiyofumwa, la nje kitambaa kisichonywa maji haraka kama poliesta. Hiyo polipropilini isiyofumwa ni familia moja na kitambaa cha mifuko mbadala ya sokoni, na ndo maana mafundi wengi tulikuwa tunaipata kirahisi. Ishike barakoa yako uiminye, ukisikia kitu kikavukavu kinachakacha katikati basi ipo. Kumbuka hilo maana kwenye pasi huko mbele litakuhusu.

Uwe nazo za kutosha

WHO wanasema barakoa ya kitambaa ifuliwe angalau mara moja kwa siku. Sasa mtu mwenye barakoa moja anayetoka kila siku hawezi, atafua usiku, asubuhi haijakauka, ataivaa mbichi. Kwa mtu wa kazini mi nasema nne au tano: moja usoni, moja ya akiba kwenye mkoba, moja kwenye kamba, na zilizobaki kabatini. Masika, ile Machi mpaka Mei, ongeza mbili kama unaweza, kwasababu kuna siku nguo zinakaa kwenye kamba kutwa nzima na bado zinatoka na ubaridi.

Vyombo viwili, sio kimoja

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndo penye ubishi. WHO walisema kama barakoa haijachafuka wala kulowa na unataka kuivaa tena, iweke kwenye mfuko safi wa plastiki unaofungika. Wamarekani wa CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wao wakasema ikiwa mbichi au chafu ndo iende kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka utakapoifua, ila ikiwa kavu iweke kwenye mfuko unaopitisha hewa, wa karatasi au wa kitambaa cha wavuwavu. Watu wakasoma hiki wakasoma kile wakachanganyikiwa, wengine wakaacha vyote wakarudi kwenye mfuko wa suruali.

Mi kwa hali yetu ya hewa nachukua ya CDC. Barakoa uliyoivaa hata nusu saa huwezi kusema ni kavu kabisa, ndani ina unyevu hata kama mkono hausikii, na ukiifunga kwenye plastiki huku pwani ukaiacha kwenye mkoba wenye joto, ukija kufungua unakuta mfuko umetoa jasho kwa ndani. Kwenye karatasi unyevu unatoka.

Alafu kuna hili, mifuko yenyewe ya plastiki ya kubebea tumeshapigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 28, 2017 na sisi Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwahiyo habari ya kusema chukua tu rambo uweke barakoa haipo tena, na sitaki mtu aende kutafutana na watu wa mazingira kwa sababu ya barakoa.

Kwahiyo andaa hivi:

Chombo cha kavu. Bahasha ya kaki ya saizi ya kati, zile za stationari, inatosha kabisa na bei yake ni ya kawaida. Au kimfuko cha kitambaa cha pamba chenye kamba ya kuvuta, fundi yeyote anakushonea kwa mabaki ya kitenge, mwambie ashone kipana kuliko barakoa iliyokunjwa ili isijikunjekunje ndani. Sitaki zipu hapo, zipu inakamata lastiki na inang'oa nyuzi.

Chombo cha mbichi na chafu. Hapa ndo unataka kitu kisichopitisha maji: kikopo cha aiskrimu au cha siagi chenye mfuniko, kilichooshwa kikaisha mafuta. Kikopo kina faida kwamba unakiosha kwa sabuni kila siku, hakichaniki, na barakoa chafu haigusi simu yako wala chakula. Kiwe cha rangi tofauti au kiandike kwa maka pen CHAFU, maana kuna siku utakuwa umechoka utaingiza ile safi humo.

Watu wananiuliza kwani siwezi kuweka zote kwenye kikopo kimoja nikatenganisha na tishu. Hapana. Tishu inanyonya unyevu inaupeleka upande wa pili, sasa umeokoa nini.

Weka alama ya nje na ndani

Hii ni ya kifundi na ni ya dakika moja. Barakoa ikiwa na kitambaa kinachofanana mbele na nyuma, ukiivua ukaikunja ukaiweka, ukija kuitoa hujui upande gani ulikuwa umeelekea watu na upi ulikuwa mdomoni. Ukiigeuza, vumbi lote la Ubungo linaenda kwenye midomo yako. Chukua sindano na uzi wa rangi inayoonekana, piga mishono mitatu midogo kwenye kona ya chini kushoto upande wa nje, ushike tabaka la juu tu, usitoboe mpaka ndani, na usipige katikati ya barakoa kwasababu kila tundu la sindano ni njia. Kwenye pindo ndo pazuri. Kama nyumbani mko wengi kila mtu awe na rangi yake ya uzi na hapo umemaliza na ule ugomvi wa asubuhi wa hii ni yangu hii sio yako.

Kuivua na kuikunja

Nawa mikono kwanza, au paka sanitaiza usubiri ikauke. Shika lastiki za masikioni, sio kitambaa, ivute mbele itoke. Usiikung'ute! Naona watu wanaikung'uta kama shuka, vumbi na vilivyomo vyote vinaruka usoni kwako na kwa aliyekaa pembeni.

Sasa kukunja. Ikunje nusu kwa urefu ili upande wa nje ugusane na wenyewe, yani uchafu wa nje ufungiwe ndani ya mkunjo. Kuna wanaofanya kinyume wakisema wanalinda upande wa mdomo, naelewa hoja yao, ila hapo ule upande wa nje unakuwa unapangusa bahasha nzima, na kila ukiingiza mkono unaugusa. Ukifuata namna yangu upande wa mdomo ndo unagusana na bahasha, kwahiyo bahasha lazima iwe safi na iwe ya barakoa tu, isiwe ile uliyopewa na risiti za umeme. Lastiki zilaze juu zielekee mdomo wa bahasha, ili ukija kuitoa unashika lastiki moja kwa moja bila kuchimba ndani kwa vidole.

Bahasha usiifunge kwa gundi wala pini. Kunja mdomo wake mara moja, basi.

Nawa mikono tena. Najua inachosha.

Mchana ukiwa kazini au njiani

Mfano wa kawaida kabisa, umeenda kwa mama ntilie saa saba, foleni ndefu, unatakiwa kula. Barakoa usiishushe kidevuni, kidevu kina jasho na ndevu na mafuta uliyopaka, alafu ukiirudisha juu unayapandisha yote hayo kwenye pua. Usiiweke mezani hata kama meza imefutwa, kile kitambaa cha kufutia meza tunakijua wote. Usiiweke juu ya goti. Itoe, ikunje, bahasha, bahasha iingie mfuko wa pembeni wa mkoba au mfuko wa shati, sio mfuko wa nyuma wa suruali unaoukalia, maana ukiikalia unapinda ule waya wa pua na kila ukipinda na kunyoosha unakaribia kukatika.

Ukimaliza kula, futa mdomo vizuri kabisa kabla ya kuivaa tena. Mafuta ya maharage na rangi ya bizari vikiingia kwenye pamba nyeupe havitoki, na mafuta yanashika vumbi. Akina dada wa lipstiki hili linawahusu sana, lipstiki inaziba kitambaa na inatoka kwa taabu, mi nawashonea wengine tabaka la ndani la rangi ya damu ya mzee ili lisionekane, lakini kutoonekana sio kutokuwepo, bado ifuliwe.

Kwa bodaboda na bajaji: barakoa isikae kwenye kioo, wala kwenye usukani, wala ndani ya helmeti. Helmeti ya abiria ndo kabisa, vichwa vingapi vimeingia humo tangu asubuhi. Bahasha ndani ya koti, upande wa ndani.

Na gari iliyopaki juani usiiache barakoa kwenye dashibodi ukidhani jua litaua vijidudu. Jua linaisaidia ikiwa imefuliwa na inakauka, sio ikiwa chafu imelala nyuma ya kioo, na lile joto la kila siku linaua lastiki mapema sana, unaletewa barakoa kitambaa kipya kabisa lastiki imelegea kama uzi wa pamba.

Kupulizia sanitaiza kwenye barakoa ili uivae tena, acheni jamani. Haiondoi jasho wala mate yaliyokauka, unavuta mvuke wa spiriti, na rangi ya kitenge inachuja. Manukato hivyohivyo.

Ikilowa kabla hujafika nyumbani

Mvua imekupiga Kariakoo, au umepiga chafya ndani yake, au umetembea juani jasho limeingia, ukiigusa kwa ndani ina maji. Hiyo haivaliwi tena, hata kama ndo kwanza saa nne. Barakoa iliyolowa ni ngumu kupumulia na unaanza kuivuta hewa pembeni badala ya kupitia kwenye kitambaa, kwahiyo hata kazi haifanyi. Ikunje, kikopo cha CHAFU, funga mfuniko, toa ile ya akiba.

Kikopo ni cha kusafirishia tu, sio cha kuhifadhia. Ukifika nyumbani unafungua siku hiyohiyo. Kuna mtu aliniletea barakoa za kutoa waya zikiwa ndani ya kikopo tangu mwisho wa wiki, kufungua tu duka zima likajua, na kwenye mishono tayari kulikuwa na vidoti vyeusi. Vile vidoti ni ukungu. Barakoa ikishapata vidoti mi siirudishi, siloweki, naitupa, kwasababu hicho ni kitu unachokwenda kukivutia hewa kwa pua.

Kufua, kwa kifupi

Maji na sabuni ya mche au ya unga, sugua taratibu, na kama ina lile tabaka la katikati usiikamue kwa kuisokota, ikandamize tu kwa viganja. Ukiwa na mashine, maji ya nyuzi 60 au zaidi. Ukiwa huna, fua kwa maji ya kawaida na sabuni, alafu ama uichemshe dakika moja kwenye sufuria ambayo sio ya chakula, ama uiloweke dakika moja kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.1 na uisuuze sana mpaka harufu iishe.

Hiyo asilimia 0.1 watu inawasumbua. Angalia chupa ya dawa yako ya klorini ya kung'arishia nguo, kama imeandikwa asilimia 3.5 basi ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 34 za maji, yani kijiko kimoja cha chakula kwenye maji ya nusu lita na ushee kidogo. Kama ina namba nyingine hesabu inabadilika, soma kwanza. Na usichanganye hiyo dawa na siki, limao wala dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi mbaya ya kukukaba kifua. Kwa barakoa za kitenge mi nachagua kuchemsha, klorini inapausha. Kuchemsha nako kunachosha lastiki, ndo maana mteja akiniuliza namshauri kamba za kitambaa za kufunga nyuma ya kichwa, zinadumu kuliko lastiki mara nyingi tu, ingawa wengi hawapendi zinavyovuruga nywele.

Na ile bahasha? Ya karatasi itupe ikilegea au ikipata doa, usiivumilie zaidi ya siku chache. Kimfuko cha kitambaa kifue pamoja na barakoa, kila siku ulichokitumia. Ukifua barakoa ukairudisha kwenye kimfuko cha jana hujafanya kitu.

Kukausha ndo nusu ya kuhifadhi

Anika juani, peupe, mbali na jiko la mkaa na mbali na barabara ya vumbi. Ibane kwa kibanio kwenye pindo la chini, usiitundike kwa lastiki, uzito wa maji unazivuta. Lastiki zikining'inia chini huru zinakauka bila kunyooka. Ikishakauka itoe, usiiache juani kutwa nzima kwa kuihurumia, jua likizidi linakula lastiki na rangi.

Sasa utajuaje imekauka? Sio kwa kugusa katikati, katikati hukauka mapema. Shika ule mshono wa juu palipo na waya, na kona zile palipokunjwa matabaka manne matano ya kitambaa, ziminye ziweke kwenye mdomo wa juu au shavuni. Ukisikia ubaridi bado ina maji. Mkono wa mtu anayefua umezoea maji hausikii, shavu linasikia. Barakoa nyingi zinazovunda kabatini zilikauka katikati na pindo likabaki bichi. Na kama waya wa pua ni chuma cha kawaida, unyevu huohuo unaleta kutu, unaona mstari wa kahawia juu ya pua, hiyo haitoki tena, ukishona mpya sema uwekewe waya usioshika kutu au waache kijitundu pembeni waya uwe unatolewa kabla ya kufua.

Kuna na habari ya yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, alafu funza wake anaingia kwenye ngozi na kukuletea jipu. Wanaoishi maeneo yake wanajua, kila nguo inapigwa pasi pande zote hata soksi. Barakoa inakaa usoni, kwahiyo ipige pasi pia, hasa mishono. Ila angalia: pamba tupu inavumilia nukta tatu, zile za kwenye kitufe cha joto cha pasi, hiyo ni kama nyuzi 200. Yenye polipropilini katikati haivumilii, inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, weka nukta moja na uweke kitambaa cha pamba juu yake. Pasi ya mkaa haina nukta, basi subiri ipoe mpaka tone la maji likidondokea lisichemke chachacha, ndo upige. Kama huna uhakika na pasi yako, iache kwenye kamba juani mpaka ikauke kabisa na uianike mahali penye jua lenyewe sio chini ya mwembe.

Ukitoka kwenye pasi usiikunje papohapo, ina mvuke. Ilaze kitandani juu ya kanga safi dakika chache ipoe.

Kabatini

Hapa sasa barakoa imefuliwa, imekauka kwelikweli, imepoa. Hii sasa inaweza kukaa kwenye bakuli lenye mfuniko, kwenye droo, kwenye kimfuko, popote pakavu. Zisibanwe, zipangwe zikiwa zimesimama pembeni kwa pembeni, ile ya zamani mbele ili uzizungushe zote, sio unavaa ile unayoipenda mpaka ichakae na nyingine hazijaguswa.

Mahali pabaya: bafuni kwasababu ya mvuke, juu ya friji jikoni kwasababu ya mafuta na harufu ya dagaa, nyuma ya mlango kwenye msumari mmoja na makoti, ukutani penye unyevu wa masika.

Na pabaya kuliko pote ni kabati lenye naftalini. Hizi punje nyeupe za kufukuza mende na wadudu wa nguo, mama zetu wanaziweka kila kona ya sanduku. Mvuke wake unaingia kwenye kitambaa na wewe unakwenda kukiweka puani masaa nane. Naftalini inaumiza kichwa, inaleta kichefuchefu, na kwa watu wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo iko zaidi kwenye jamii zetu zilizoishi na malaria, inaweza kupasua chembe nyekundu za damu, watoto wachanga ndo hatari zaidi. Kwahiyo barakoa na naftalini viwe nyumba tofauti kabisa, na kama zilishakaa humo zifue tena zianikwe mpaka harufu iishe. Kupulizia dawa ya mbu chumbani pia, funika kwanza barakoa zako.

Mambo ya kufukiza udi, hapa najua nitagombana na watu wa Tanga na Unguja. Nguo fukizeni, kanga fukizeni, barakoa iacheni. Moshi ni moshi hata ukinukia, na mwenye pumu atakohoa kutwa.

Nyumba yenye watoto

Watoto wanabadilishana barakoa kama wanavyobadilishana kadi za mpira, mwenzake ana ya Spiderman basi wanapeana. Rangi ya uzi haitoshi, andika jina kwa maka pen isiyofutika kwenye kimfuko na kwenye pindo. Mpe vimfuko viwili vya rangi mbili na sheria ya kukumbuka kirahisi: nyeupe ya safi, nyekundu ya iliyovaliwa. Kimfuko kifungwe kwa kamba ndani ya begi, kisining'inie nje. Jioni akirudi begi lisiwekwe chini kabla hujatoa kile chekundu. Walio chini ya miaka 2 wasivalishwe kabisa, na WHO wanasema wenye miaka 5 kushuka chini hawana haja ya kuvaa.

Nyumba yenye mgonjwa

Mtu akiwa na mafua makali au kikohozi, barakoa zake ziwe na kikopo chake, hazikutani na za wengine hata kwenye beseni, zinafuliwa siku hiyohiyo na kuchemshwa. Anayefua anawe mikono baadae. Kama ni kifua kikuu, barakoa ya kitambaa aivae mgonjwa kuzuia makohozi kuruka, ila anayemhudumia haimtoshi kwa kujikinga, awaulize wahudumu wa kliniki anayotakiwa kuvaa, na madirisha yawe wazi.

Lini uiage

Inyanyue juu uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vitundu, au kitambaa kimekuwa chepesi pale katikati kuliko pembeni, imechoka. Lastiki ikilegea usifunge fundo, fundo linavuta upande mmoja na kuacha uwazi shavuni, ilete kwa fundi ibadilishwe, ni kazi ya kusubiri ukiwa umesimama. Ila ikiwa na vidoti vya ukungu, au harufu inayobaki baada ya kuchemsha, au lile tabaka la katikati limejikusanya donge upande mmoja, hapo hamna cha fundi. Kata lastiki zote mbili kabla ya kuitupa, kuku na paka hujinasa miguu humo, toa waya, kitambaa ingiza kwenye pipa la taka lenye mfuniko. Lastiki zikiwa bado nzima nami naomba mnitunzie, zinafaa kwenye kofia za watoto.